Nafasi Tupu Chini ya Muhuri

Tarehe 9 Juni 1999 jina lake liliandikwa kwa wino mweusi katika daftari la mawakili la Mahakama Kuu, nambari 614. Daftari bado lipo, ndani ya kabati la chuma katika ofisi ya msajili, na yeyote anayeomba kuliona huonyeshwa. Nambari 613 aliacha sheria akaenda kuuza saruji. Nambari 615 ni jaji. Wakili huyu hupenda kusema kwamba siku ile alipanga foleni katikati ya saruji na ujaji. Watu hucheka. Yeye hacheki.

Kwenye korido za mahakama hakuna anayemwita kwa jina lililo daftarini. Huitwa Pingamizi, na kwa miaka mingi alilipokea jina hilo kama mtu anavyopokea nishani.

Pingamizi la awali ni hoja ambayo wakili huitoa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Humwonyesha jaji kwamba karatasi za upande wa pili zina kasoro, na kuomba kesi itupwe yote kabla shahidi hajafungua mdomo. Sahihi imekaa ukurasa usio wake. Kifungu kilichotajwa sicho. Jalada limefika masjala siku moja baada ya muda kupita. Mawakili wengine walisoma karatasi za wapinzani wao wapate kujua wanadaiwa nini. Pingamizi alizisoma kama mtu anayechagua mchele, akitafuta chuya. Kila chuya aliyoiona aliiandika kwa penseli katika daftari la jalada gumu, pamoja na tarehe na jina la jaji aliyemkubalia. Kufikia mwaka wa ishirini wa kazi alikuwa na madaftari matatu, na hakuwahi kumwazima mtu hata moja.

Fahari yake kubwa ni ya mwaka 2011. Wafanyakazi arobaini waliishtaki kampuni moja ya usafirishaji, naye akaitetea kampuni. Alichukua kiapo chao cha maandishi na kukisoma kuanzia chini, kama ilivyo desturi yake. Mwishoni mwa kila kiapo kuna mstari ambapo kamishna wa viapo, yaani wakili aliyepewa muhuri wa kuapisha watu, hujaza mambo mawili: mtu ameapa wapi, na lini. Tarehe ilikuwepo. Mahali palikuwa na nukta tupu. Pingamizi alisimama, akasema kwamba kiapo kisichojulikana kiliapwa wapi si kiapo, na jaji akakubali. Kesi ya miaka mitatu ikaisha kwa dakika kumi na mbili. Uamuzi ukachapishwa katika ripoti za kesi, na kwa miaka minane mawakili wa nchi nzima waliunukuu.

Kisha ikaja Katiba mpya.

Ibara mbili ndizo zilizomgusa. Ya kwanza ilisema mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea haki za wengine, hata kwa barua ya mkono. Ya pili ilisema mahakama itende haki bila kufungwa mno na kasoro za taratibu. Ibara ya kwanza ilimnyang'anya swali alilolipenda kuliko yote: wewe ni nani hata ushtaki? Ya pili ilimnyang'anya yaliyobaki. Majaji wakaanza kumkatisha katikati ya pingamizi na kumuuliza, kwa upole kabisa, "Wakili, kasoro hii imemwumiza nani?" Kwa miaka ishirini hakuwahi kuulizwa swali hilo. Jibu lake la kweli lilikuwa kwamba haikumwumiza mtu, na jibu hilo halikumo katika daftari lolote kati ya yale matatu.

Hayo yote angeyameza. Mawakili wengi wa rika lake waliyameza, wakanunua vitabu vipya, wakajifunza kuandika mashauri ya haki za msingi kama wanafunzi. Lililomkwama kooni ni kwamba mtu aliyefaidika na Katiba kuliko wote alikuwa amejifunzia kazi ofisini kwake, na alikuwa mke wa mdogo wake.

Alifika mwaka 2016 kwa mafunzo ya vitendo, amevaa viatu vilivyofungwa kamba za rangi mbili tofauti. Pingamizi alimpa meza ya kona na kumfundisha jambo moja kabla ya mengine yote: kiapo husomwa kuanzia chini. "Juu kila mtu ni makini," alimwambia. "Chini ndiko wanakochoka." Mdogo wake Pingamizi, mwalimu wa fizikia, alikuwa akipita ofisini jioni kujaribu kutengeneza printa. Alipita wiki saba mfululizo. Printa haikupona, ila ndoa ilipatikana, na mwanafunzi akawa shemeji.

Shauri la kwanza la shemeji chini ya Katiba mpya lilianza na karatasi ya daftari la shule. Mahabusu mmoja aliyesahauliwa rumande miezi kumi na minne alikuwa ameandika barua kwa penseli. Shemeji aliipeleka kwa jaji kama ilivyo, na jaji akaipokea kama shauri. Mahabusu akatoka, na wengine sitini na watatu wakatoka nyuma yake. Magazeti yakaandika. Baada ya hapo akaja kiziwi aliyehukumiwa bila mkalimani, na shemeji akashinda tena. Katika faharasa ya ripoti za kesi jina la shemeji limetajwa mara kumi na moja. La Pingamizi limetajwa mara nne. Anajua kwa sababu amehesabu, na akarudia kuhesabu.

Wivu wa mtu makini huwa na vipimo. Pingamizi alisoma kila hukumu ya shemeji penseli ikiwa mkononi, na alipokuta koma mahali pasipostahili aliizungushia duara. Wanafunzi wa chuo walipogonga mlango wake kuuliza ofisi ya yule mama wa Katiba iko wapi, aliwaelekeza kwa adabu, akiwapitisha ngazi za nyuma, ambazo nazo hufika ingawa kwa kuzunguka jengo zima. Chama cha mawakili kilipoandaa semina ya siku mbili kuhusu haki za msingi, alihudhuria. Mkufunzi alikuwa shemeji. Cheti cha kuhudhuria alichopewa kina sahihi ya shemeji chini, na kiko kwenye droo, kimelazwa kifudifudi.

Lakini jambo lililomuuma kuliko cheti lilikuwa nyumbani kwa mama yao. Tangu 1999 picha yake akiwa na joho ilining'inia sebuleni, juu ya televisheni. Jumapili moja aliikuta koridoni, kando ya mita ya umeme. Mahali pake palikuwa na ukurasa wa gazeti uliotiwa fremu: shemeji kwenye ngazi za mahakama, mkono hewani. Alimuuliza mama kwa sauti ya mtu asiyejali. Mama akasema ukuta ule unapigwa na jua na picha yake ingepauka. Pingamizi akauliza kama ya gazeti haitapauka.

"Ikipauka nitakata nyingine," mama akasema. "Mwenzio anatoka kila mwezi."

Sasa waje mafundi cherehani. Mtaa wa mahakama una vibaraza vyenye mafundi thelathini na mmoja, na mmoja wao, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyekuwa akitia viraka joho la Pingamizi kwa miaka kumi na minane. Mwezi wa pili mwaka huu manispaa ilibandika tangazo kwamba Ijumaa ya mwisho wa mwezi tingatinga litapita. Hakuna aliyekuwa ameitwa wala kuulizwa. Fundi alikunja joho, akapanda nalo hadi chumba nambari saba, ofisini kwa Pingamizi, akamweleza shida yao.

Pingamizi alisikiliza, akauliza kama wana vibali. Hawakuwa navyo. Akamwambia kwa huruma ya kweli kwamba asiye na kibali hana haki ya kushtaki, na kwamba angekuwa anamdanganya kama angesema vinginevyo. Hilo lilikuwa sahihi kabisa hadi mwaka 2019. Fundi alimshukuru, akashuka ngazi. Wiki moja baadaye alivuka barabara na kupanda ngazi za jengo la pili, iliko ofisi ya shemeji. Shemeji alimsikiliza robo saa tu, akamwambia kwamba chini ya Katiba mpya mamlaka haiwezi kumwondoa mtu mahali anapojipatia riziki bila kwanza kumsikiliza, awe na kibali au asiwe nacho. Akaanza kuandika siku hiyohiyo.

Pingamizi alipata habari hizo kwa mlinzi wa jengo. Siku hiyo hakula mchana.

Ijumaa iliyotangulia ile ya tingatinga, saa kumi kasoro, shemeji alibisha hodi chumba nambari saba akiwa na fundi nyuma yake na jalada kwapani. Sheria haimruhusu wakili kumwapisha mteja wake mwenyewe, lazima aapishwe na kamishna mwingine, na Pingamizi ni mmoja wao. Pingamizi akauliza kwa nini hakwenda kwa kamishna wa ghorofa ya chini, ambaye yuko karibu na masjala.

"Yule hugonga muhuri kama anapiga ng'ombe chapa," shemeji akasema. "Karatasi yake lazima niisome upya yote. Yako sirudii kuisoma, shemeji."

Alimaanisha hivyo hasa, na Pingamizi alijua.

Akamketisha fundi, akampa kiapo akisome, akamuuliza kama anakielewa. Wakati fundi akisoma kwa kidole, yeye alipitia nakala. Aya ya nne ilieleza kwa nini mafundi walichelewa kufika mahakamani: kabla ya kuja kwa wakili wa sasa, muapaji alikwenda kwa wakili mwingine ambaye alimweleza kwamba hana haki ya kufungua shauri. Pingamizi aliisoma mara mbili. Shemeji aliona macho yake yaliposimama.

"Nimekuficha jina," akasema taratibu. "Nimeandika 'wakili mwingine' tu."

Angemtaja jina, lingekuwa jeraha dogo. Kufichwa ndiko kulikomchoma.

Fundi akainua mkono, akaapa kwa sauti ambayo watu huitumia kanisani na msikitini. Akaweka sahihi. Pingamizi akajaza tarehe, akaweka sahihi yake, akapuliza muhuri kwanza kama afanyavyo siku zote, akaugonga katikati ya nafasi yake. Kisha macho yake yakarudi kwenye mstari wa chini. *Kimeapwa hapa*, na baada yake nukta ishirini tupu. Alikuwa amejaza nafasi ya tarehe akairuka ya mahali. Kalamu ilikuwa bado wazi mkononi. Ilihitajika kuandika neno moja, jina la mji.

"Haya, nawahi masjala," shemeji akasema, akisimama. "Jumapili usikose kwa mama. Anakuja mpiga picha wa gazeti, wanataka picha yangu na familia. Vaa ile suti ya kijivu, shemeji, inakutoa vizuri."

Pingamizi akafunga kalamu. Akalifunga jalada, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jumapili alivaa suti ya kahawia. Mpiga picha aliwapanga mbele ya nyumba, shemeji katikati, mama kulia, mume kushoto, na Pingamizi pembeni. Baada ya picha ya kwanza kijana yule akamwomba asogee kidogo, kwa kuwa kivuli chake kilimwangukia mama wa Katiba usoni. Mke wa Pingamizi alicheka, kisha akamwona mumewe na kuacha kucheka.

Alikuwa amekusudia kumwambia shemeji. Kulikuwa na siku mbili kabla ya kusikilizwa Jumatano, na masjala hupokea karatasi iliyosahihishwa bila maneno mengi. Alimfuata jikoni. Alimkuta amejiegemeza kwenye friji, amevua viatu, akisugua kisigino. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alionekana kama yule wa kamba za rangi mbili.

"Kuna kitu, shemeji?"

Neno lilikuwepo ulimini. Kutoka sebuleni mama akaita kwamba mwandishi aliyekuja na mpiga picha anamuulizia mkwe wake, aje haraka, wanataka kujua ameanzaje kazi. Shemeji akavaa viatu. Pingamizi akabaki na friji. Kupitia mlangoni alimsikia akimweleza mwandishi kwamba alifundishwa na mtu makini kuliko wote mjini, na akamsikia mwandishi, bila kuuliza ni nani, akihamia swali la pili.

Jumatano hakuwa na kesi. Alimuaga mkewe, akisema anakwenda kuangalia ratiba ya mashauri, kisha akaenda kuketi benchi la nyuma kabisa katika ukumbi namba mbili. Mbele yake mafundi walikuwa wamejaza safu nne, wamevaa nguo walizojishonea wenyewe, hata ukumbi ukawa nadhifu kuliko kawaida.

Wakili wa manispaa ni mtu wa rika lake na shule yake. Alisimama kabla shemeji hajaanza, akasema ana pingamizi la awali. Ukurasa wa sita wa kiapo, mstari wa mwisho: mahali pa kuapia hapakujazwa. Kwa hoja hiyo ananukuu uamuzi wa mwaka 2011, uliopatikana kwa juhudi za wakili msomi anayemwona ameketi pale nyuma. Watu waligeuka. Ulikuwa umepita muda wa miaka minne bila uamuzi ule kutajwa mahali popote, na Pingamizi alihisi damu ikimpanda usoni kwa furaha, furaha ya kweli, kabla hajapata nafasi ya kuionea aibu.

Shemeji alifungua ukurasa wa sita. Akautazama kwa muda. Kisha naye akageuka nyuma. Pingamizi alikuwa amejiandaa kuona hasira au shaka. Shemeji alimtazama kama mwanafunzi aliyeshikwa na swali gumu anavyomtazama mwalimu wake, akingoja ishara.

Alijitetea kwa ile ibara ya pili, kwamba haki isikwamishwe na kasoro za taratibu. Jaji, mwanamke mwembamba anayeandika kila kitu mwenyewe kwa mkono, alimsikiliza hadi mwisho.

"Ibara hiyo inaponya fomu, wakili," akasema. "Haiponyi kiapo ambacho hakikuapwa. Mimi sina shida na nukta. Nataka kujua kama huyu mama aliapa, au karatasi ilipitishwa muhuri tu kama zinavyopitishwa nyingi siku hizi. Kama siwezi kujua, naliondoa shauri, mtafungua upya."

Kufungua upya kungechukua wiki. Tingatinga lilikuwa la keshokutwa.

Fundi akasimama bila kuitwa. Karani akamwashiria aketi, akakataa.

"Mheshimiwa, niliapa. Niliapa kwa huyo baba aliyekaa nyuma. Na kama kuna kitu hakikuandikwa, basi hakikutakiwa kuandikwa, kwa sababu huyo hasahau. Nikimrudishia joho ananihesabia vifungo."

Ukumbi ukacheka. Jaji hakucheka. Akamwita Pingamizi mbele na kumwonyesha ukurasa.

"Muhuri ni wako?"

"Wangu, Mheshimiwa."

"Aliapa?"

"Aliapa mbele yangu. Jengo la posta ya zamani, ghorofa ya pili, chumba nambari saba. Saa kumi kasoro dakika kumi."

Jaji aliandika. Kwa shauri lile hilo lilitosha, na kila wakili ukumbini alijua. Kisha, karibu kwa kumsaidia, akauliza bila kuinua kichwa, "Ulisahau tu?"

Mlango ulikuwa wazi na ni mpana. Neno moja la kukubali, na angerudi kwenye benchi lake akiwa mzee aliyepitiwa, jambo linalompata kila mtu. Pingamizi alimtazama shemeji na kuona kwamba ameshaliamini jibu hilo kabla halijatoka. Shemeji alikuwa ameanza kumhurumia. Macho yake yalikuwa ya mtu anayefikiri: kumbe amezeeka.

"Sikusahau, Mheshimiwa," akasema. "Niliiona."

Kalamu ya jaji ikasimama. "Uliiona lini?"

"Kabla sijafunga kalamu."

Jaji aliamuru mahali pajazwe palepale. Karani akampa Pingamizi kalamu ya serikali iliyofungwa uzi, naye akaandika jina la mji juu ya nukta, kwa mwandiko uleule uliomo katika madaftari yake. Pingamizi la manispaa likakataliwa. Manispaa ikazuiwa kugusa kibaraza chochote hadi mafundi wasikilizwe. Jaji akaongeza mambo mawili: kwamba uamuzi wa 2011, chini ya Katiba ya sasa, hauongozi tena mahakama yoyote, na kwamba nakala ya mwenendo wa siku hiyo ipelekwe kwa kamati inayosimamia makamishna wa viapo.

Shemeji alimkuta koridoni, kando ya ndoo ya mfagiaji. Mafundi walikuwa wakiimba nje. Alimuuliza kwa nini, na Pingamizi hakujifanya haelewi swali.

"Nilikuonea kijicho. Tangu barua ya yule mahabusu. Na bado ninacho, usidhani kimeisha."

Shemeji alihamisha jalada kutoka mkono huu kwenda ule. "Ungesema umesahau. Jaji alikupa njia."

"Wewe ungeniamini?"

"Ningekuamini."

"Ndiyo maana," Pingamizi akasema.

Kwa wiki tatu shemeji hakuzungumza naye. Mdogo wake alimpigia simu mara moja, akasema hana la kusema, akakata. Mama alipata habari kutoka gazetini, ambako habari ilichukua nusu ukurasa. Jina la Pingamizi lilitajwa mara tano, idadi ambayo hakuifikia katika maisha yake yote. Mama alimwita mwanawe, akamketisha sebuleni chini ya ile fremu, akamuuliza kama ni kweli ugomvi wote ulianza na picha. Pingamizi alisema si picha peke yake.

"Ukuta wote huu," mama akasema, akiuonyesha kwa kiganja. "Ungesema, baba. Ningepiga msumari wa pili."

Barua ya kamati ilifika mwezi wa nne. Kanuni za zamani zingemfuta kamishna kwa barua ya mistari mitatu, bila kumwita. Barua hii ina kurasa mbili: inamweleza kosa analotuhumiwa, inampa siku ishirini na moja za kujibu, na kumfahamisha kwamba kwa mujibu wa Katiba ana haki ya kusikilizwa na ya kuwakilishwa na wakili kabla uamuzi wowote haujafanywa. Ni ibara ileile ya mafundi. Alikaa na barua hiyo siku sita. Alijaribu kujiandikia utetezi, akajikuta ameorodhesha kasoro nne katika barua ya kamati, mojawapo ikiwa tarehe iliyokaa upande usio wake. Mkewe alisoma rasimu, akairudisha mezani, akasema hana cha kuongeza ila jengo la pili liko palepale ng'ambo ya barabara, na ngazi za mbele ni fupi.

Alipanda ngazi za mbele. Shemeji hakumpa kiti, hakumnyima. Alisoma barua, akasoma rasimu, akaikunja na kuitia kwenye kapu la taka.

"Hapa utasema kweli tangu aya ya kwanza," akasema. "Ukitaka pingamizi, tafuta wakili mwingine."

Joho alilipata kwa fundi, chini, kwenye kibaraza ambacho bado kipo. Kipande cha bega la kushoto kilikuwa kimebadilishwa. Aliuliza kwa nini amemshonea baada ya yote yale. Fundi alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Nguo haina kosa," akasema. "Na vifungo ni saba. Hesabu."

Alihesabu.

Kiapo chake kina kurasa tano, na shemeji ndiye aliyekiandika. Alikisoma mara nne kuanzia chini, akitafuta kosa, asilione, jambo lililomkera hadi usingizini. Kimeapwa mbele ya kamishna wa ghorofa ya chini, yule wa chapa ya ng'ombe, na mahali pamejazwa kwa herufi kubwa. Kamati itakaa Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi, kuamua kama atabaki na muhuri. Shemeji ndiye atakayesimama kumtetea.